Gofu la Siedentopf katika Kreta ya Ngorongoro: Lihifadhiwe kwa Ajili ya Nani?

Upande wa kaskazini wa sakafu ya Kreta ya Ngorongoro, karibu na Mto Munge, yapo mabaki ya kuta za mawe za nyumba ya shamba iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na mlowezi wa Kijerumani, Adolf Siedentopf, aliyekuwa amepangishiwa ardhi hiyo na utawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ndugu yake, Friedrich Wilhelm, naye alikuwa na makazi yake upande mwingine wa sakafu hiyo hiyo. Ndugu hao wawili walifuga ng'ombe, wakawaalika Wajerumani wenzao kuja kuwinda, na wakajaribu kuwafukuza nyumbu watoke kretani ili majani yabaki kwa mifugo yao. Nyumbu hawakutoka. Walowezi wenyewe ndio waliotoka, pale vita vilivyoanza mwaka 1914 vilipoyakatiza mashamba yao, na baada ya Ujerumani kushindwa ardhi ile ikapata wenyewe wengine.

Swali la nini kifanyike na mabaki hayo si geni miongoni mwa wanaojishughulisha na malikale nchini Tanzania, ingawa hujadiliwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa Ngorongoro ina mambo mazito zaidi ya kugombaniwa. Wapo wanaotaka kuta ziimarishwe na kupewa hadhi ya kumbukumbu rasmi. Wapo wanaoona kwamba kutumia hata shilingi moja kwa nyumba ya mlowezi, katika eneo ambalo wafugaji wake wamehamishwa mara kadhaa, ni dharau. Wachache huenda mbali zaidi na kupendekeza nyumba ijengwe upya iwe makumbusho. Kila upande una hoja ya kweli ndani yake, na ndiyo maana nadhani jambo hili linastahili kupimwa polepole.

Tuanze na sheria, ambayo haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na makazi yaliyojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo hulindwa tu iwapo Waziri atayatangaza kuwa kumbukumbu. Kwa kuwa utawala wa Wajerumani ulianza mwaka 1885, hakuna jengo lao hata moja linaloangukia ndani ya ulinzi huo wa moja kwa moja. (Hata Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa na Sultani Majid kati ya mwaka 1866 na 1867, limeikosa tarehe hiyo kwa miaka michache tu, jambo linaloonyesha jinsi mstari wa aina hii unavyokata bila kuangalia.) Orodha ya Urithi wa Dunia nayo haielekezi njia. Ngorongoro iliingizwa humo mwaka 1979 kwa sababu ya maumbile yake, na mwaka 2010 ikaongezewa sifa ya urithi wa kiutamaduni kwa sababu ya ushahidi wa chimbuko la binadamu uliopatikana Olduvai na Laetoli. Shamba la mlowezi aliyekaa pale kwa muda mfupi halimo katika sababu hizo. Kwa hiyo hakuna anayelazimika kulihifadhi gofu, na hakuna amri ya kulibomoa. Limeachwa mikononi mwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na mvua.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ya kulihifadhi ni kwamba kuta zile ni ushahidi. Ili kuona ni ushahidi wa nini, yafaa kurudi nyuma miaka michache kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Wamaasai, ndui ikafuata, kisha njaa. Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuacha maandishi kwamba aliingia ndani ya kreta, alifika Machi 1892 akakuta Wamaasai waliokondeana kwa njaa wakizunguka kambi yake wakitafuta chakula. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1895, serikali ya Kaisari wa Ujerumani ilitoa amri iliyoigeuza ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Kwa wafugaji ambao mifugo yao imekufa na watu wao wametawanyika, amri hiyo ilikuja katika wakati mbaya kuliko wote: malisho yaliyopumzishwa na malisho yaliyokimbiwa kwa sababu ya maradhi yalionekana sawa machoni pa karani wa kikoloni, yaani matupu. Katika muongo uliofuata utawala huo huo ulitenga hifadhi maalumu ya Wamaasai na kuwataka wakae humo, huku ukiwapangishia walowezi maeneo mengine.

Nyumba ya Siedentopf ni matokeo ya mfuatano huo. Nyaraka zake zimo katika makabati ya kumbukumbu, tena nyingi kwa Kijerumani, na Mtanzania wa kawaida hatazisoma kamwe. Ukuta anaweza kuuona. Anayesema kwamba gofu liachwe lianguke kwa kuwa ni la mkoloni anapaswa kujibu swali moja: likishaanguka, ni nini kitakachobaki ardhini kuonyesha kwamba sakafu ya kreta, ambayo leo inauzwa kwa wageni kama bustani isiyowahi kuguswa, iliwahi kupimwa na kupangishwa kwa mtu binafsi? Na haikuishia kwa Wajerumani. Waingereza walipozuia uwindaji ndani ya kingo za kreta mwaka 1928, waliiacha nje ya katazo hilo ardhi iliyokuwa ya mashamba ya Siedentopf, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Sir Charles Ross, tajiri wa Kiskoti aliyejulikana kwa kutengeneza bunduki. Umiliki uliozaliwa na amri ya 1895 ulikuwa bado una nguvu ya kuizidi sheria ya wanyamapori zaidi ya miaka 30 baadaye, chini ya bendera nyingine kabisa. Sijui sehemu nyingine nchini ambapo historia ya ardhi inaonekana kwa uwazi wa namna hii katika rundo dogo la mawe.

Ipo pia hoja ya mikono. Ni vigumu kuamini kwamba ndugu wawili walibeba na kupanga mawe yale peke yao katika koloni ambamo kazi nzito za walowezi zilifanywa na Waafrika, ama kwa ujira mdogo ama kwa kulazimishwa. Usambara, wilayani Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, walowezi walifanikiwa kupata utaratibu wa kadi uliomtaka mwanamume afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Mabaki ya nyumba za walowezi kote nchini, kwa mtazamo huu, ni kazi za waashi na vibarua wasioandikwa majina, na kuyaacha yaanguke kwa hasira dhidi ya bwana ni kufuta pia alama pekee waliyoiacha watumishi. Hoja hii ni nzuri, ingawa naiona ikitumiwa kwa urahisi mno na watu ambao, wakishapata fedha za ukarabati, huweka kibao chenye jina la bwana peke yake.

Sasa upande wa pili. Hoja ya kawaida, kwamba hatupaswi kuwaenzi wakoloni, ni dhaifu kuliko inavyosikika, kwa sababu kuhifadhi si kuenzi. Boma la Arusha lililojengwa na Wajerumani limekuwa makumbusho kwa miongo kadhaa na hakuna anayeliingia akitoka na mapenzi kwa Kaisari. Hoja nzito ni ile ya uwiano, na hapa ndipo ninapoona kiini cha suala zima.

Siedentopf alikaa kretani muda usiozidi sana muongo mmoja. Wamaasai walikuwapo vizazi kadhaa kabla yake na wakarudi baada yake. Kabla yao walikuwapo Wadatoga, ambao hadi leo wanayaheshimu makaburi ya wazee wao yaliyomo humo. Na kabla ya wote hao walikuwapo wafugaji wa kale, ambao marundo yao ya mawe ya kuzikia yalifukuliwa na watafiti wakati wa Wajerumani, na baadaye na Mary Leakey. Lakini boma la Kimaasai hujengwa na wanawake kwa fito, udongo na mavi ya ng'ombe, na likihamwa huyeyuka katika misimu michache ya mvua, likiacha duara la majani mabichi zaidi ambalo jicho lisilozoea haliwezi kulitambua. Aliyejenga kwa mawe akaondoka haraka amehesabiwa kuwa na historia. Waliojenga kwa udongo wakakaa muda mrefu wamehesabiwa kuwa sehemu ya mandhari. Vigezo vya uhifadhi tulivyorithi, vinavyotafuta kuta, misingi na tarehe ya ujenzi, vinaupendelea ujenzi wa mlowezi bila hata mtu mmoja kukusudia upendeleo. Kwa hiyo anayepinga kulihifadhi gofu peke yake, huku maeneo ya maboma hayajaorodheshwa popote, hana chuki na historia. Anauona mzani ambao tayari umeinama.

Upinzani huo unapata uzito zaidi ukiwekwa kando ya yaliyotokea kuelekea uhuru na baada yake. Eneo la Hifadhi lilipoanzishwa mwaka 1959, likitenganishwa na Serengeti, Gavana Richard Turnbull aliwaahidi Wamaasai kwamba maslahi ya binadamu na ya wanyama yakigongana, ya binadamu yatatangulia. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi kwenye sakafu ya kreta walihamishwa. Kwa muda mrefu waliendelea kuruhusiwa kuteremsha ng'ombe wapate maji na chumvi, kisha nayo ikazuiwa. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao serikali inaueleza kuwa wa hiari na wa lazima kwa uhai wa hifadhi, na ambao wanaoupinga wanauita shinikizo. Msomaji ana uhuru wa kuchagua upande katika mgogoro huo, lakini hawezi kukataa kwamba taswira ya mafundi wakishuka kretani na mifuko ya chokaa kuimarisha nyumba ya Mjerumani, wakati mwenyeji haruhusiwi kujenga hata kibanda, ingekuwa vigumu kuelezwa katika mkutano wowote wa kijiji kuanzia Endulen hadi Nainokanoka.

Pendekezo la kujenga nyumba upya halinichukui muda mrefu. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani bado wanauchukua kama mwongozo, unataka urejeshaji ukome pale dhana inapoanza, na katika magofu unakataza ujenzi mpya, ukiruhusu tu kurudisha mahali pake sehemu zilizoanguka ambazo zipo. Paa, milango, madirisha na samani za Siedentopf zingebidi zitungwe. Zaidi ya hapo, sakafu ya kreta ina ukubwa wa kilomita za mraba 260 hivi tu, magari ya watalii tayari ni mengi kiasi cha kuwa moja ya malalamiko ya kudumu kuhusu usimamizi wake, na kituo kipya kingedai vyoo, maji na walinzi mahali ambapo faru weusi wachache waliobaki wanahitaji utulivu.

Wanaotetea ujenzi mpya huelekeza kidole nje ya mpaka wa hifadhi, Karatu, ambako nyumba ya shamba la kahawa iliyojengwa na walowezi wa Kijerumani mwaka 1929, ikanunuliwa na Mwingereza James Gibb mwaka 1948, inaendelea kupokea wageni kama hoteli inayojulikana kwa jina lake, Gibb's Farm. Au huelekeza Nairobi, ambako nyumba ya mwandishi wa Kidenmark, Karen Blixen, iliyojengwa mwaka 1912 na kutolewa na Denmark kama zawadi kwa Kenya baada ya uhuru, ikawa makumbusho mwaka 1986, mara tu baada ya filamu kuifanya ijulikane duniani kote. Mifano hiyo inathibitisha kitu tofauti na wanachokusudia. Nyumba ya Karatu ilidumu kwa kuwa haikuacha kutumika. Kila mwenyewe alikuwa na sababu ya kuziba paa linalovuja. Ile ya Nairobi ilidumu kwa kuwa hadithi yake iliuzika, tena ilisimuliwa karibu yote kutoka barazani kwa mwenye nyumba. Gofu la Munge halina matumizi, na hadithi yake haiuziki kwa namna hiyo. Kulitengenezea hadithi inayouzika kungemaanisha kumfanya Siedentopf mpenda nyika, mtu aliyetaka kuwaondoa nyumbu.

Kuna suala la nani atalipa, na hapa upepo umebadilika. Tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipoomba radhi Songea tarehe 1 Novemba 2023 kwa maovu yaliyotendwa wakati wa Vita vya Maji Maji, mazungumzo kuhusu urithi wa enzi hiyo yamekuwa rahisi zaidi kuyaanzisha, na si ajabu fedha za kukarabati majengo ya Kijerumani zikapatikana kwa wepesi kuliko fedha za mambo mengine. Ningependa tuwe waangalifu. Mfadhili wa kigeni huvutiwa na jengo kwa sababu lina mwanzo na mwisho, linaweza kupigwa picha kabla na baada, na linazinduliwa kwa kukata utepe. Orodha ya maboma yaliyohamwa haizinduliki. Tukiacha ufadhili uamue kipi kinahifadhiwa, tutajikuta tumekarabati kwa uangalifu kila kilichojengwa na Wajerumani na kusahau walichokikuta.

Kwa kuyapima haya yote, mimi naegemea kuhifadhi, lakini kuhifadhi kwa kiwango cha chini kabisa. Gofu libaki gofu. Kuta zipimwe na kupigwa picha kwa ukamilifu, mizizi inayopasua viungo iondolewe, na palipo na hatari ya kuanguka pashikizwe kwa udongo au chokaa. Saruji isitumike, kwa kuwa ni ngumu kuliko kuta zenyewe na hufungia unyevu ndani hadi mawe yapasuke. Kazi ya namna hiyo ni ya mafundi wachache kwa siku chache kila baada ya miaka kadhaa, na haihitaji barabara mpya wala jengo. Iwapo siku moja ukuta utaanguka licha ya juhudi hizo, uachwe ulale ulipoangukia.

Maelezo, ambayo ndiyo yatakayoamua kama kazi hiyo ina maana, hayawezi kuwekwa pale. Wageni hawaruhusiwi kushuka magarini ndani ya kreta isipokuwa katika vituo vichache vilivyotengwa, kwa hiyo wengi huliona gofu kwa mbali, kama wanaliona, wakati mwongoza watalii akisimulia analolijua. Anachokijua mara nyingi ni kisa cha ndugu wawili wa ajabu na nyumbu wao, kisa kinachochekesha na kupita. Mahali pa kuieleza historia hii vizuri ni kituo cha wageni katika Lango la Loduare, ambako magari mengi husimama, na mafunzo ya waongoza watalii wenyewe. Maelezo yenye uaminifu yangeanza na sotoka, yapitie amri ya 1895, yafike kwa Siedentopf na Ross, na yasikwepe 1974. Bila mwaka huo wa mwisho, yangemfundisha mgeni kwamba kuwaondoa watu kretani kulikuwa kosa la wageni peke yao. Natambua kwamba hapo ndipo Mamlaka itakaposita, kwa kuwa taasisi haipendi kuandika ukutani mwake yenyewe jambo ambalo bado linabishaniwa mahakamani na mitaani. Lakini kama haiko tayari kuuandika mwaka 1974, basi ni afadhali isitumie fedha kwa mwaka 1914, kwa sababu gofu lililohifadhiwa bila mfuatano huo litabaki pambo la mlowezi, na wanaolipinga watakuwa na haki.

Kuhusu mpangilio wa kazi, kuta zinaweza kungoja. Zimesimama zaidi ya miaka 100 bila msaada wa mtu na miaka mitano mingine haitaziangamiza. Kisichoweza kungoja ni kumbukumbu ya maeneo ya maboma ya sakafu ya kreta: yalikuwa wapi, yalikuwa ya koo zipi, na ni njia gani ng'ombe waliteremkia majini. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipohamishwa mwaka 1974 sasa amevuka 70, na wengine wako Msomera, mbali na maeneo wanayoweza kuyaonyesha kwa kidole. Wanaotaka kulihifadhi gofu la Siedentopf wangeanza kwa kuomba kibali cha kuwarudisha wazee hao kretani kwa siku chache, wakiwa na mpimaji ramani na mwandishi anayejua Kimaa, kabla hawajaomba kibali cha chokaa.